Chai ya rangi, mita 32

Tulitoka Edmonton, Kanada, alfajiri, mimi na shemeji, mbele yetu kilomita kama 1,000 za misonobari tu. Mji mdogo wa High Level tukajaza tangi, maana kuanzia hapo vituo vya mafuta ni vya kuhesabu. Tulipovuka latitudo ya nyuzi 60 kaskazini kuingia jimbo la Northwest Territories, shemeji alishachoka hata kulalamikia mgongo.

Maporomoko ya Alexandra ni mto Hay wote unaodondoka mita 32 kwa mpigo. Maji ni ya kahawia, yana povu jeupe pembeni.

“Shem, umenileta huku kote kuangalia chai ya rangi?”

Na mbu, jamani! Wa Tanga wana adabu. Saa nne usiku jua bado linawaka, tunakula chapati baridi juu ya boneti.