Swali la Tatu

Mwaka 2019, nikiwa mwanafunzi wa stashahada ya ualimu, nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi mkoani Dodoma, nikapewa Hisabati ya darasa la tano lenye wanafunzi 84. Nilikwenda na majivuno kidogo, kwa sababu muhula uliotangulia nilikuwa nimepata alama nzuri katika insha ya elimu jumuishi, yaani kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao, ambamo nilieleza Tamko la Salamanca la mwaka 1994, ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, pamoja na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Darasani alikuwamo mvulana mwenye ualbino, ambaye nilimkuta amekaa dawati la nne, upande wa ukutani, akiwa na kofia pana kichwani. Siku ya kwanza nilimhamishia dawati la mbele, lililokuwa chini ya dirisha la mashariki, kisha nikamwamuru avue kofia, kwa kuwa wanafunzi hawakuruhusiwa kuvaa kofia darasani. Hakubisha. Jioni ile nilijiona nimeitenda insha yangu yote kwa dakika tano.

Wiki ya pili niliandika ubaoni maswali matano ya kujumlisha sehemu. Nikiwa ninapita kati ya madawati, nilimwona ameliinamia daftari la jirani yake, pua ikikaribia kugusa karatasi. Nilimsimamisha na kumwambia, mbele ya darasa zima, kwamba anaangalizia.

"Mwalimu, nilikuwa nasoma swali," alisema.

"Maswali yako ubaoni," nilimjibu, nikachukua madaftari yote mawili.

Usiku nilipokuwa nasahihisha nilifika kwenye swali la tatu. Ubaoni nilikuwa nimeandika 1/2 + 3/8, lakini jirani yake alinakili 1/2 + 3/6, na yule mvulana vilevile alikuwa na 1/2 + 3/6. Nilidhani nimepata ushahidi, hadi nilipotazama majibu. Jirani alikuwa amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akapata 4/8, kosa ambalo kila mwalimu wa Hisabati amelikuta mara nyingi. Mvulana alikuwa amebadili nusu kuwa 3/6, akajumlisha, akapata 6/6, kisha akaandika 1. Kwa swali alilopewa na daftari la mwenzake, jibu lake lilikuwa sahihi kabisa. Nililitazama daftari lile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuweka alama.

Asubuhi nilimweleza mwalimu wa darasa, mama aliyekaribia kustaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyo haoni ubaoni tangu darasa la kwanza. Pale ukutani nilimweka mimi, kwa ajili ya mwanga." Kofia pia aliiruhusu yeye. Chuoni nilikuwa nimesoma kwamba upungufu wa melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho, huathiri hata ukuaji wa retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwamba miwani pekee haimrudishii mtu uoni wote, na kwamba mwanga mkali humuumiza macho, lakini ujuzi huo ulibaki katika daftari langu wakati mimi nikimkalisha mtoto kwenye jua la saa mbili asubuhi. Wala sikuwa nimemuuliza mwenyewe anaona wapi vizuri.

Kwa kuwa nilimtuhumu mbele ya wenzake, nilimwomba radhi mbele yao. Alirudi ukutani na kofia yake. Kuanzia siku hiyo nilisoma kwa sauti kila nilichokiandika, kazi iliyonionyesha aibu nyingine: kumbe nilikuwa nikifundisha kwa kusema "hii ukiileta hapa, unapata hii," maneno ambayo asiyeuona ubao hawezi kuyafanyia lolote, na nashuku hata wengi waliouona hawakuambulia kitu. Maswali ya zoezi nilimwandikia kwenye kipande cha manila kwa kalamu nene, kama Baraza la Mitihani linavyowaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa. Gharama yake ilikuwa manila moja kwa wiki.

Siku ya kwanza ya manila, kabla wengine hawajamaliza swali la pili, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, swali la nne ni la kujumlisha au la kutoa?"

Nilichukua kile kipande, nikaona kwamba alama nilikuwa nimeisahau. Nikageuka kutazama ubaoni. Kule pia haikuwapo, na wanafunzi wengine waliokwisha kufika swali la nne walikuwa wakijumlisha bila kuuliza.