Kengele ya Dakika Tatu

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hata hakuna aliyeona haja ya kunielekeza. Mratibu wa usiku ule alinikabidhi saa ya kuhesabia dakika, kengele ya mezani ya kugonga kwa kiganja, na karatasi yenye mistari miwili: kila msimulizi dakika 3, hakuna kusoma, kisa kitoke kichwani. "Muda ukiisha, gonga," akaniambia huku akiondoka. "Usimwonee mtu haya, hata awe profesa."

Maprofesa ndio niliokuwa nawawinda. Siku mbili nzima nilikuwa nimewaona wakionyeshwa kibao cha dakika moja, wakiitikia kwa kichwa, kisha wakiongea kumi. Nikakaa kando ya jukwaa na kengele yangu kama askari wa barabarani aliyepewa filimbi mpya.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya tiba ya usemi na lugha, na huo ndio mkutano mkuu wa kwanza wa taaluma yetu niliopata kuhudhuria. Wanafunzi tuliojitolea hatukulipa kiingilio. Tulilipa kwa miguu. Tulielekeza wageni, tulipanga viti, tulikimbiza vipaza sauti. Mihadhara niliisikia vipande vipande, nikiwa nimeshikilia mlango. Lakini yale matukio maalumu, yaliyochapishwa kurasa za mwisho za ratiba kama ya kujazia nafasi, niliyaona karibu yote, maana huko ndiko walikohitaji vibarua.

Kwenye ukumbi wa maonyesho palikuwa na kibanda cha sauti inayochelewa. Unavaa spika za masikioni, unasoma aya fupi kwenye kipaza sauti, na sauti yako mwenyewe inakurudia ikiwa nyuma kwa takriban milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Hiyo tu inatosha kumvuruga mtu. Bingwa wa mdahalo wa darasa letu, kijana asiyekosa neno hata usingizini, aliburura silabi, akarudia nyingine mara tatu, akakwama kabisa kwenye neno "asubuhi". Nyuma yake akaingia mzee mwenye kigugumizi cha tangu utotoni, akaisoma aya ileile bila kukwaa hata mara moja. Si kila mwenye kigugumizi anayepata nafuu hiyo, na wapo wanaoipata wakaiona ikififia wakishakizoea kifaa. Mzee alilijua hilo. Alivua spika, akanirudishia, akasema kwa kukwama kwake kulekule kwamba ni heri akivue sasa, mkewe asije akampokea mtu mwingine mlangoni.

Kulikuwa pia na meza ya vinywaji vilivyofanywa vizito, vile wanavyopewa watu ambao maji ya kawaida huwapalia na kuingia njia ya hewa. Vinapangwa kwa viwango kuanzia 0, na vile vyepesi hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10: unakijaza, unakiachia kwa sekunde 10, unaangalia kimebaki kiasi gani. Nilionja maji ya kiwango cha 4, maji ya kula kwa kijiko. Tangu siku hiyo sijamlaumu mgonjwa anayemwaga bilauri yake kwenye chungu cha maua.

Jioni ya kwanza iliimba kwaya ya watu wenye afasia, watu ambao kiharusi kimewanyang'anya maneno na kuwaachia akili zao. Darasani sote tulikuwa tumemsoma daktari Mfaransa Paul Broca na mgonjwa wake Leborgne, ambaye hadi anafariki mwaka 1861 alikuwa akijibu karibu kila swali kwa silabi moja, "tan". Tulikuwa tumefundishwa pia kwamba mtu anayeshindwa kuomba maji anaweza akaimba ubeti mzima. Kwa hiyo kuimba kwao hakukunishangaza sana. Kilichonishika ni pale kati ya wimbo na wimbo. Mwanakwaya mmoja alitoka mbele kuutaja wimbo unaofuata, jina likamponyoka, akalifuata. Alisema neno la karibu, akatikisa kichwa. Akasema jingine, akalikataa nalo. Ukumbi ulijaa watu ambao kazi yao ni maneno, na hakuna hata mmoja aliyemdokezea. Tulikaa kimya mpaka alipolipata. Nami nilikaa kimya vizuri kabisa. Kwenye mtihani wa muhula uliotangulia nilikuwa nimeandika, "Mpe mwenzako muda, usimmalizie sentensi," nikapata alama zote. Usiku ule nilijiona nimeshahitimu.

Usiku wa simulizi ulikuwa wa tatu. Yeyote aliyehudhuria mkutano, awe mtaalamu au mtu anayetibiwa na wataalamu, aliruhusiwa kupanda na kusimulia kisa kimoja cha kweli. Majina yalikuwa tisa. Nyuma ya jukwaa palitundikwa skrini kubwa, na mwandishi wa maandishi ya papo kwa papo alikaa pembeni akichapa kila kilichosemwa, ili viziwi na wenye usikivu hafifu wafuate. Alikuwa fundi haswa. Hakuacha kitu: mtu akikohoa, aliandika kikohozi.

Wa kwanza alikuwa profesa, nikamgonga katikati ya "kwa kumalizia". Ukumbi ulishangilia. Skrini ikaandika: [kengele]. Sitaficha, nilijisikia raha.

Wa tano alikuwa dada mmoja mwenye mtindio wa ubongo, aliyepanda kwa kiti cha magurudumu chenye skrini iliyofungwa usawa wa uso wake. Alikuwa anaongea kwa macho. Kamera iliyo chini ya skrini ya aina hiyo hurusha mwanga wa infraredi, ambao sisi hatuuoni, na kusoma jinsi unavyoakisiwa jichoni. Jicho likitua juu ya herufi kwa muda uliowekwa, herufi inachaguliwa, na neno likikamilika sauti ya mashine inalisema. Sauti yake niliifahamu. Dada mwingine aliyekaa safu ya tatu alikuwa na sauti hiyohiyo, na mchana nilikuwa nimemjibu huyu nikidhani ameuliza yule. Hilo ni la kawaida kwao: sauti za mashine ni chache, watu ni wengi. Mwanafizikia Stephen Hawking, alipopoteza sauti yake, alizungumza miaka mingi kwa sauti ya mashine iliyotengenezwa kutokana na sauti ya mtafiti Dennis Klatt, na zilipokuja nyingine bora akakataa kuibadilisha. Kwa Hawking ilishakuwa yake. Kwa dada huyu sijui, sikumuuliza.

Nilibonyeza saa pale magurudumu yaliposimama.

Hapo kulikuwa na jambo ambalo mtu yeyote mwenye cheti cha fani yetu alipaswa kuliwaza mapema: taa za jukwaa. Taa kubwa za nyuzi, zile zinazounguza paji la uso, hutoa infraredi kwa wingi, na kamera inayotafuta mwanga huohuo ndani ya jicho hupotea. Kidoti kinachoonyesha jicho lake linatazama wapi kilirukaruka skrini nzima. Alifumba macho, akafumbua, akaanza upya. Ilipita kama nusu dakika ndipo mashine ikasema: "Nilipiga."

Kimya.

Mshereheshaji, kijana mchangamfu anayeogopa kimya kama watangazaji wote, akaokota: "Ulipiga ngoma!" Watu wakacheka. Dada akaangalia kona ya skrini. "Hapana." Akarudi kwenye herufi. "Simu." Hapo mshereheshaji akakisia aliyempigia, akakosea, dada akarudi tena kule kwenye "hapana". Kila alipokisiwa ilimbidi aache neno alilokuwa analijenga, aende kukanusha, arudi kulitafuta. Nilikuwa naliona hilo waziwazi kutoka nilipokaa. Nilikuwa naiona na saa.

"Nilipiga simu kuomba miadi. Walikata. Nilipiga tena. Walikata."

Maneno manane. Anayeongea kwa mdomo hupita mia kwa dakika moja bila kutoka jasho. Wengi wanaotumia vifaa kama vile hawafikii 15, na hapo ni chumba chenye mwanga mzuri, bila mtu wa kuwakisia. Hayo yote nilikuwa nayajua, na nilikuwa nimeyafanyia mtihani. Saa ikafika 3:00 na mkono wangu ukashuka wenyewe.

Skrini kubwa ikaandika: [kengele].

Safari hii hakuna aliyeshangilia. Na kabla mlio haujafifia, mashine ikasema kwa mkupuo mmoja, kwa sauti ya juu kuliko yote aliyotumia usiku ule: "Sijamaliza. Tafadhali subiri."

Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka kwa aibu. Kisha kicheko kikakatika, safu kwa safu, kadiri watu walivyong'amua. Maneno mengine yote alikuwa ameyajenga herufi kwa herufi. Hayo yalikuwa tayari, kwenye kitufe kimoja, ukurasa wa kwanza. Mtu huweka ukurasa wa kwanza kile anachokihitaji kila siku.

Baadaye niliambiwa kwamba hata kisa chenyewe alikuwa nacho. Alikiandika wiki nzima kabla, angekitoa chote kwa kuangalia sehemu moja, na kingeisha ndani ya dakika moja. Lakini karatasi yetu ilisema hakuna kusoma. Aliuliza kama hicho ni kusoma, akajibiwa kwamba kanuni ni ya wote. Kwa hiyo akaja kusimulia kutoka kichwani, kama sisi.

Mwalimu wangu wa kliniki, mama wa makamo aliyekuwa safu ya mbele, aliinuka, akaja ameinama ubavuni mwa jukwaa asiwazibe watu. Nilidhani anakuja kunigombeza. Akaichukua kengele, akaitia kwenye mkoba wake. "Hii nakutunzia, mwanangu." Akamgeukia fundi wa taa, akamwonyesha kwa kiganja: shusha. Taa zikapungua, kidoti kikatulia. Kwa mshereheshaji hakusema neno, alimtazama tu, naye akakaa kwenye ngazi za jukwaa.

Tukasubiri. Napenda niseme ulikuwa ukimya mtamu kama ule wa kwaya, lakini haukuwa. Kwa kwaya tulisubiri neno moja, na tulijua likija tutapiga makofi. Huku neno lilikuja, halafu lingine, halafu pengo, na hakuna aliyejua kisa kina urefu gani. Kufikia dakika ya saba nilikuwa nimechoka. Nilihesabu viti. Niliwaza kuhusu wasimulizi wanne waliobaki. Wawili wa mwisho hawakupata nafasi usiku ule, na mmoja wao kesho yake alinisema mbele ya watu kwenye foleni ya chai, akiwa na haki yake. Saa nilikuwa nimeisahau ikikimbia.

"Mara ya tatu nikajifunza," mashine ikasema. "Wanadhani mimi ni tangazo."

Pengo.

"Mara ya nne nikatanguliza. Mimi si mashine."

Pengo refu. Nyuma kabisa mtu alikohoa, na skrini ikaandika.

"Aliyepokea akaniambia. Hata mashine ya jana ilisema hivyo."

Dada wa safu ya tatu ndiye aliyeanza kucheka, kwa sauti yake mwenyewe ya kooni, isiyo ya mashine. Kisha ukumbi mzima. Mwalimu wangu alifuta macho. Saa yangu ilisoma dakika 11 na sekunde 40.

Msimulizi hakuondoka. Macho yake yalihama kutoka kwa watu, yakanitafuta kando ya jukwaa, yakarudi kwenye skrini. Tukanyamaza tena, na sasa hata mshereheshaji alikuwa amekwishajifunza. Herufi kwa herufi.

"Sasa gonga."

Nikatazama meza. Haikuwa na kitu. Nikamtazama mwalimu, naye akaanza kupekua mkoba: miwani, kijitabu cha ratiba, mtandio, miwani nyingine. Kengele ililia yenyewe humo ndani, kwa sauti ya kuzibwa, na kule pembeni mwandishi akainamia kibodi yake, akaandika: [kengele, mkobani].