Iliki za bibi wa Amani

Jana mkwe wangu alikuwa jikoni akitwanga iliki za chai. Harufu ikajaa nyumba nzima, nami nikaiweka kalamu chini. Nilikuwa nimesharudi Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1998.

Nilikuwa na vijana wangu wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kidato cha tano. Lori kutoka Muheza, kona, ukungu, waliotapika, hayo tuyaache. Hifadhi ya msitu wa Amani ilikuwa imetangazwa mwaka mmoja tu kabla, na mimi nilikuwa na moto kwelikweli. Nikawasimamisha kando ya shamba la iliki lililolimwa chini ya miti mikubwa, nikaanza somo: mvua hapa ni kama milimita 1,900 kwa mwaka, msitu huinywa na kuiachia taratibu Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, maji ya bomba ya mji wa Tanga.

"Sasa tazameni chini. Miche yote imefyekwa iliki ipate nafasi. Miti hii ikianguka, mrithi wake yuko wapi?"

Mwenye shamba alikuwa amechuchumaa nyuma yetu. Bibi, kanga mabegani, kikapu kando. Tukamwamkia kwa haya. Akaitikia, akainama shinani, pale vikonyo vya iliki vinapotambaa juu ya udongo, akachuma tunda moja la kijani. Akalipasua kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani mbegu nyeusi zimebanana safu safu, zinanata, zimevikwa utando mwembamba. Akanitia kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja.

"Mwalimu, hii ni ada ya mjukuu wangu. Yuko sekondari. Wafundishe na hilo."

Vijana wote macho kwangu. Nikasema, "Ahsante, bibi." Basi.

Nimeandika makala nyingi juu ya msitu ule, na bado nasema miche ile iachwe ikue. Hapo sirudi nyuma. Lakini nikifika kwenye aya ya wakulima, mkono huwa mzito. Baadaye baadhi ya wanakijiji walifuga vipepeo wa kuuza nje, nikafurahi, nikaandika. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai ukasitishwa, vipepeo nao humo.

Mjukuu yule sasa ni mtu wa miaka arobaini na kitu. Pengine naye anafundisha. Ningependa kusikia yeye angewaambia nini wale vijana.