Kutoka Nyeri hadi Bruton Street: Nikilifuata Gauni la Malkia

Mimi ni fundi wa nguo mjini Nyeri, na gauni lililonifikisha London nilikuwa nikilijua kwa picha tu. Malkia Elizabeth II alilivaa usiku wa tarehe 27 Oktoba 1952, akiwa na umri wa miaka 26, alipokwenda kutazama filamu katika ukumbi wa sinema wa Empire, Leicester Square, London. Kwetu jina lake lina uzito wa pekee, kwa kuwa Februari mwaka huohuo alikuwa Treetops, ile nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, usiku ambao baba yake alifariki dunia naye akawa malkia. Tena, siku 7 tu kabla ya gauni hilo kuonekana, hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na wazee wetu wanaoukumbuka mwezi ule wanakumbuka mambo mengine kabisa. Siwezi kulisimulia gauni hili nikanyamazia jambo hilo.

Nilishuka katika kituo cha Green Park asubuhi yenye baridi. Kwenye nyasi za bustani, ndege wawili weusi wenye matumbo meupe walikuwa wakichakura majani makavu. Ni wa jamii ya kunguru, Waingereza huwaita magpie, na gauni lile lilipewa jina lao.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Bruton Street. Namba 17 ndipo alipozaliwa malkia mwaka 1926, ingawa nyumba yenyewe haipo tena. Namba 26 ndipo palipokuwa na karakana ya mbunifu wake, Norman Hartnell, na kibao cha kijani ukutani kinamtaja hadi leo. Sikutarajia kwamba milango hiyo miwili ingekuwa karibu kiasi hicho.

Niliketi kwenye benchi katika Berkeley Square, nikaitoa picha. Hartnell alisifika kwa nakshi: gauni la harusi ya Elizabeth la mwaka 1947 lilipambwa kwa lulu 10,000, kazi ambayo fundi wa mtaani hawezi kuigusa. Hili la 1952 lilishonwa kwa namna nyingine kabisa, mahameli meusi ubavuni, satini nyeupe ikishuka mbele hadi miguuni, sketi pana, na glavu ndefu nyeupe mikononi. Uzuri wake wote umo katika mkato. Naamini hapo ndipo ilipo siri ya kuenea kwake, kwa sababu picha za magazeti ya wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mwanamke aliyefungua gazeti lake aliliona gauni karibu kama lilivyokuwa usiku ule, bila rangi yoyote kupotea njiani. Mgawo wa nguo kwa kuponi ulikuwa umekoma mwaka 1949 tu, na watu walikuwa na hamu ya sketi zinazokula kitambaa. Wenye viwanda walilinakili upesi, na karatasi za kukatia zikauzwa kwa waliokuwa na cherehani nyumbani.

Leicester Square sikukaa sana. Ukumbi wa Empire ungali upande wa kaskazini wa uwanja, umefanyiwa mabadiliko mengi, na umati ulikuwa mkubwa mno kwa mtu anayetaka kutafakari.

Nilimalizia safari Berwick Street, kwenye maduka ya vitambaa. Muuzaji alinikunjulia jora la mahameli meusi. Nikapitisha kiganja kuelekea chini, kitambaa kikang'aa kidogo, nikakirudisha juu, kikawa cheusi tititi. Ndiyo maana vipande vyote vya mahameli hukatwa vikielekea upande mmoja, la sivyo gauni litaonekana limeshonwa kwa rangi mbili. Nilimwomba mita 5, na satini nyeupe mita 2. Aliponiuliza ninashona nini, nilimwonyesha picha. Aliitazama kwa muda, kisha akaniongezea nusu mita ya satini bila malipo, akisema kwamba upande wa mbele hautaki kuungwa.