Lililozimika Ndilo Lake

Juzi binti yangu kaniuliza: "Mama, mbona baba akitoka usiku hulali mpaka arudi? Si ana ufunguo wake?" Nikamwambia akalale, kesho skuli. Jibu ninalo, ila ni refu, na linaanzia kabla yeye hajazaliwa, wakati wa kile kiza.

Mliokuwepo Unguja mnakijua. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme unaotujia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kizima kikakaa hivyo mpaka tarehe 9 Machi 2010. Mwaka 2008 tulishakaa karibu mwezi mzima, kwa hiyo siku za mwanzo watu walisema haya, mafundi watakuja, yatapita. Hayakupita. Likatukuta joto la kaskazi bila ya feni. Pampu za maji zimesimama. Barafu hakuna, samaki wa jioni lazima aliwe jioni. Simu ikiisha chaji unaipeleka dukani kwa mwenye jenereta, unalipa, unangoja zamu yako.

Tulikuwa tumeoana mwaka ule ule, tumepanga juu kwenye yale majengo marefu ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Maji yako chini, sisi tuko juu, na ngazi zile nilizipanda na ndoo kichwani mpaka miguu ikazijua yenyewe. Mume wangu ni fundi wa majenereta. Kabla ya hapo kazi ilikuwa ya kubahatisha. Kiza kilipoingia, hoteli za Mji Mkongwe, maduka ya Darajani, kila mwenye mashine akawa anamtafuta. Mashine nyingi zilikuwa zimenunuliwa kwa kusaidia saa mbili tatu. Zilipoanza kukeshwa kila siku, hili likipona lile linakufa. Anatoka baada ya magharibi, anarudi alfajiri, mchana analala. Nimeolewa juzi tu, na mume ninamwona usingizini.

Upweke wa ghorofani ni mwingine. Nyumba ya chini ina baraza. Ukikaa mlangoni watu wanapita, wanakusalimu, wanakuuliza umepika nini. Kule juu ukifunga mlango umefunga. Koroboi nilikuwa naizima mapema, mafuta ya taa yasiishe, kisha nakaa dirishani nasikiliza mji.

Mwanzo majenereta yote yalikuwa kwangu ngurumo moja. Kidogo kidogo nikaanza kuyatenganisha. Moja lilikuwa karibu, sauti yake kali, linapandisha na kushusha. Jengine lilikuwa mbali, upande wa baharini, zito, halibadiliki. Usiku mmoja wa Januari hilo zito likanyamaza ghafla, na palepale moyo ukaniambia: yuko hapo. Nikamwona kabisa, amepiga magoti kwenye ua wa hoteli, tochi ameing'ata mdomoni, mikono imejaa mafuta. Nikafungua mlango nikatoka ngazini, kwenye uwazi unaotazama mjini, nipate kusikia vizuri.

"Nani huyo?"

Nilishtuka. Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini yetu, amekaa kwenye kipandio, anasuka ukili kizani. Hana taa wala hakuhitaji. Nilisikia chane zikipita vidoleni mwake.

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huna usingizi?"

Ningeweza kusema joto. Nikasema kweli: "Namsikiliza mume wangu."

Hakucheka. Akasogea, akapapasa kipandio pembeni yake, nikakaa. "Lipi lake?"

"Lile lililozimika."

Akaacha kusuka. Tukakaa tunasikiliza pahala ambapo hapakuwa na sauti. Sijui ilikuwa muda gani. Bega lake lilikuwa limegusa langu, na kanga yake ilikuwa inanuka udi. Akasema, taratibu, kwamba marehemu mumewe alikuwa baharia wa majahazi, na yeye hakuwa na pa kumsikiliza isipokuwa kwenye upepo. Ukigeuka usiku, anaamka. Kisha akamwombea mume wangu dua, kwa sauti, kama anavyomwombea mtoto wake: Mungu amfungulie kazi yake, amrejeshe salama.

Mara kule baharini kitu kikaguna, kikakatika, kikaguna tena, kikashika.

"Alhamdulillahi," bibi akasema. "Keshalitengeneza. Sasa nenda kalale."

Sikulala. Nilibaki hapo naye, na usiku uliofuata nikarudi. Akanifundisha kusuka. Mwanamke wa ng'ambo ya ngazi akatoka na birika la chai ya tangawizi, mwengine akaleta mihogo ya nazi, na kabla ya mwezi kwisha ngazi ile ikawa baraza letu. Watoto walilala mapajani mwa yeyote aliyekuwa karibu. Jenereta likizimika mtu anauliza, "Ndilo lake?" na sote tunanyamaza.

Umeme uliporudi mji mzima ulipiga kelele; na mimi nilipiga. Mume wangu akawa nyumbani usiku, jambo nililokuwa nikiliomba kila sala. Wiki ile ile milango ya ngazi ikafungwa mmoja mmoja, kila nyumba na televisheni yake. Nilitoka jioni moja na ukili wangu, nikamkuta bibi peke yake. Tukasuka kidogo, kisha akaitwa ndani.

Nilikuwa na furaha na nilikuwa na huzuni, na ya pili sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu nani atasikitika kwamba taa zimewaka na mumewe yumo ndani?

Mume wangu akizungumzia kipindi kile anasema ndicho kilichotupa kiwanja cha Fuoni, na ni kweli, ndiko tunakoishi. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Mwaka jana nilimwuliza mume wangu kama usiku ule alikuwa kwenye jenereta la upande wa baharini. Akafikiri sana. Huenda alikuwa Shangani, akasema, huenda Malindi, au hata Amani. Siku zile yalikuwa yanazimika mengi.

Mimi nataka iwe alikuwa yeye. Bibi alimwombea dua akijua ni yeye.