Mlango wa Mjomba

Gari lilikuwa jeusi, na rangi nyeusi haina siri: likisimama juani, kila mchirizi wa kitambaa unaonekana. Lilishinda nje na kulala nje, kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kulipaka silanti, kimiminika cha kulinda rangi. Mjomba, aliyezeekea kwenye kazi ya kupaka magari rangi, aliitazama chupa yangu kama dawa ya mganga wa uongo.

"Nta ya karnauba, mpwa wangu. Inatoka kwenye majani ya mti kule Brazili. Hiyo yako ni plastiki ya majimaji."

Kwa mng'ao hakukosea. Nta huipa rangi nyeusi kina kizuri mno. Lakini nta haipendi joto, na baada ya wiki chache huwa imekwisha. Silanti ni polima za kiwandani zinazoshikamana na laka, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi, na aghalabu hukaa miezi kadhaa. Kinga ya seramiki ingekaa zaidi, ila ikikaukia vibaya haitoki mpaka uisugue kwa polishi, dawa inayokwangua laka kidogo kidogo, nami sikutaka vita hiyo.

Tulipomaliza kuliosha, Mjomba alinipa mfuko mwembamba wa plastiki. "Vaa mkononi, pitisha juu ya boneti." Macho yaliniambia ni safi, vidole vikakuta chenga tupu. Tukatoa udongo wa kusafishia rangi, tukawa tunanyunyizia maji ya sabuni na kuuteleza taratibu, tukiukunja kila ulipochafuka. Hapo ndipo asubuhi yote ilipoishia. Polishi tulipiga kidogo tu. Mjomba alikuwa mkali: laka ya juu mara nyingi ni maikroni 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, na ukishaila hairudi. Kisha tukafuta gari zima kwa pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji, maana mafuta ya polishi yakibaki, silanti haishiki.

Kupaka kwenyewe kulikuwa kazi ndogo. Kivulini, bati likiwa limepoa, matone machache kwenye sponji, tabaka jembamba hata huoni kama umepaka. Wengi hupaka nyingi mno, halafu wanatoka jasho kufuta ukungu. Ukipitisha kidole na pale kilipopita pakabaki safi, unafuta kwa kitambaa laini cha maikrofaiba.

Mlango mmoja wa nyuma Mjomba aliukatalia. Akaupaka nta yake, akasimama mbele yake akijitazama. Gari lililala pakavu usiku ule, ili silanti ikomae.

Miezi miwili baadaye mvua ilinyesha akiwapo. Kila mahali maji yalisimama matone matone, dalili kwamba kinga bado ipo, isipokuwa mlangoni kwake, yalikotandazika kama shuka. Nilimwonyesha. Akainama, akachunguza kwa muda.

"Huo mlango," akasema, "mnaufungua mno."