Mchana mmoja wa ua la pasheni: siku yangu shambani Kwale

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Namwagilia kabla jua halijakaza. Shamba liko upande wa Matuga, na ndani yake hakuna kingine ila pasheni ya manjano iliyotambaa juu ya nguzo na waya. Ile ya zambarau huku joto hailiwezi, yenyewe ni ya milimani. Ya manjano imezoea ukanda huu, na tena huhimili mnyauko unaotoka ardhini, ndiyo maana wakulima wengi wa bara huipandikiza zambarau juu ya shina la manjano.

Saa hizi ukipita kati ya mistari huoni ua hata moja lililo wazi. Kuna matumba yaliyonona, na maua ya jana yaliyojikunja yakiwa na umande. Zambarau hufunguka alfajiri na kufunga karibu na adhuhuri. Manjano hungoja adhuhuri ndipo ifunguke, na hufunga usiku wa siku hiyo hiyo. Kila ua lina mchana wake mmoja. Mchana huo ukipita bila chavua kufika mahali pake, ua hunyauka na kuanguka. Basi kazi zangu zote nazipanga kwa kuzitazama saa hizo.

Saa mbili

Chai, mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi ni za hapa hapa, nimezipanda mpakani kote. Twazila, lakini nilizipanda hasa kwa ajili ya nyuki weusi, wale wakubwa wanaotoboa mbao. Pasheni haitoi maua mwaka mzima, na nyuki hawa lazima wapate chakula miezi mingine. Ua la mbaazi wanalipenda sana.

Nimemkuta mjomba ameshika shoka kando ya mkorosho uliokufa.

"Mjomba, huo niachie tafadhali."

"Mwanangu, mti umekauka huu. Wakusaidia nini?"

Nikamwonyesha upande wa chini wa tawi. Pana tundu la mviringo kamili, unene wa kidole, kana kwamba fundi amelitoboa kwa keekee, na chini yake majani yamefunikwa na unga mpya wa mbao. Jike la nyuki mweusi hutafuna njia ndani ya mti mkavu, kisha huigawa vyumba. Kila chumba hukiwekea donge la chavua lililokandwa kwa mbochi, yale maji matamu ya maua, hutaga yai moja juu yake, na huziba kwa unga ule ule wa mbao. Hawa hawana mzinga wenye maelfu ya wafanyakazi. Jike mmoja hulea watoto wachache tu, kwa hiyo ukichoma tawi moja kama hili umepunguza wachavushaji wa shamba zima. Mjomba akaliangalia lile tundu kitambo, akachungulia, akaniambia atatafuta kuni kule barabarani.

Saa nne

Kuokota. Pasheni ya manjano ikiiva huanguka yenyewe, huna haja ya kupanda ngazi. Naokota, nachambua yenye madoa, najaza kreti. Mama mmoja wa soko la Ukunda atazichukua jioni.

Saa sita mchana

Sasa ndiyo saa yenyewe. Matumba yaanza kupasuka, na kufikia saa saba mstari mzima umejaa maua. Chukua ua moja ulitazame kwa karibu. Nje pana petali nyeupe, ndani yake duara la nyuzi zilizojipinda, zambarau pindoni mwa kitovu na nyeupe nchani. Katikati pamesimama kijiti. Kwenye kijiti hicho vifuko vitano vya chavua vimening'inia vikitazama chini, na juu yake vichwa vitatu vya kike vinavyopokea chavua. Mbochi umefichwa chini kabisa, ndani ya mfereji unaozunguka kitovu, na mfereji una kifuniko. Mdudu dhaifu au mwenye ulimi mfupi haufikii kwa urahisi.

Ua likifunguka, vile vichwa vitatu huwa vimesimama wima, mbali na chavua. Baada ya muda, yapata saa moja hivi, huanza kujipinda kushuka mpaka vikawa usawa mmoja na vifuko. Yako maua ambayo vichwa vyake havishuki, na hayo hayazai hata yakitembelewa mara ngapi.

Wa kwanza kufika ni nyuki wa asali. Asali naipenda na jirani yangu ana mizinga, lakini kwenye pasheni ya manjano wageni hawa wananitia wasiwasi. Ni wadogo mno. Wananing'inia kwenye vifuko, wanakwangua chavua na kuondoka nayo, bila mgongo wao kugusa vichwa vya kike. Wakija wengi mapema, nyuki weusi hukuta vifuko vitupu. Mtu anayekwambia uweke mizinga kwenye pasheni ya manjano ili uzidishe mavuno anakupa ushauri wa zao lingine.

Saa saba na nusu

Unawasikia kabla hujawaona. Jike amekuja, mweusi ti, ana mikanda miwili ya manjano mgongoni. Anatua juu ya zile nyuzi, anasukuma kichwa chini, anainua kifuniko cha mfereji na kuanza kunywa huku akizunguka kijiti. Ukubwa wake umejaza nafasi yote kati ya nyuzi na vifuko, kwa hiyo kila hatua anayopiga mgongo wake unafagia chavua. Akiruka, mabega yamepakwa unga wa manjano. Ua linalofuata vichwa vimeshashuka, na mgongo ule ule unavigusa.

Hapa ndipo moyo wangu unapofurahi kila siku. Mmea huu si wa kwetu. Asili yake ni Amerika Kusini, na huko pia wachavushaji wake wakuu ni nyuki wakubwa wanaotoboa mbao. Spishi ni nyingine, jenasi ni ile ile ya Xylocopa. Ua limevuka bahari, likakuta ndugu za wale liliowaacha. Vanila haikupata bahati hiyo. Ilitoka Meksiko bila wachavushaji wake, na tangu mwaka 1841, kijana mtumwa Edmond Albius wa Réunion, mwenye umri wa miaka 12, alipogundua njia rahisi ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba, mkulima wa Uganda, Bukoba au Madagaska hulihudumia kila ua kwa mkono wake.

Saa tisa

Upande wa barabara nyuki ni wachache, na mistari hiyo naichavusha mwenyewe. Napaka chavua kwenye ncha za vidole kutoka mmea mmoja, navipitisha kwenye vichwa vitatu vya ua la mmea mwingine. Lazima uwe mwingine kweli, kwa maana pasheni ya manjano huikataa chavua yake yenyewe, na mimea iliyotokana na vipandikizi vya mama mmoja hukataana vilevile. Ndiyo maana nimechanganya miche ya asili mbalimbali kwenye kila mstari.

Wingi wa chavua nao ni muhimu. Kila mbegu huvikwa kifuko chake cha maji. Chavua ikiwa haba, mbegu huwa chache, na tunda hutoka jepesi hata kama ganda ni kubwa. Leo mawingu yamekuja upande wa bahari, nikaharakisha, kwani chavua ya pasheni ikilowa hupasuka na kuharibika. Bahati nzuri mvua imepita Diani.

Saa kumi na moja jioni

Jirani amefika uani na bomba la dawa mgongoni. Vidukari vimeingia kwenye kunde zake, tena karibu na mpaka wangu.

"Ami, nakuomba, ngoja giza liingie."

"Kwa nini? Jua limeshapoa."

"Maua yangu bado yako wazi, na nyuki bado wananywa. Yakifunga, piga."

Akaweka bomba chini, tukakaa barazani tukazungumza bei ya kreti na dawa zenyewe, ipi huisha nguvu upesi na ipi hukaa kwenye majani siku nyingi. Ile ya pili nimemsihi asiitumie mpakani kabisa, hata usiku. Alipouliza kwa nini kunde zake hazina nyuki kama mbaazi zangu, nilimfungia mbegu za mbaazi kwenye gazeti apande upande wake mvua zikianza.